Umekosa nafasi ya udaktari? Tulia kwanza

Kila shirika la KUCCPS linapotangaza majina ya waliopata nafasi vyuoni, hapa Kachibora huja kliniki vijana wanaoumwa na kichwa, wasiolala wala kutaka chakula. Ukiwapima, huoni malaria wala taifodi. Ukiwauliza taratibu, utaambiwa: "Daktari, niliomba udaktari nikapewa kozi nyingine."

Ikiwa wewe ni mmoja wao, elewa kwanza kilichotokea. Nafasi za udaktari ni chache na hujazwa kuanzia kwa mwenye pointi nyingi. Pointi hizo hutokana na masomo manne maalum pamoja na alama za jumla. Hivyo hata mwenye A- aliyeteleza kidogo katika Kemia anaweza kuachwa. Hiyo si dalili ya kukosa akili.

Sasa ufanye nini? Kwanza, usitupe kwa hasira nafasi uliyopewa. Kuna muda wa kuomba uhamisho baina ya kozi na vyuo. Fuatilia tarehe zake.

Pili, chunguza kozi zilizo jirani na udaktari. Chuo cha KMTC, kilichoanzishwa mwaka 1927, kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye. Diploma ya afisa wa kliniki huchukua miaka 3, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Mhitimu husajiliwa na baraza lake, hupima wagonjwa na kuwatibu. Katika vituo vingi vya mashambani, yeye ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Anayetaka digrii ya kazi hiyo ataipata Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Uuguzi, famasia na maabara pia ni tiba kamili, si makombo ya udaktari.

Tatu, jihadhari na mawakala wa vyuo vya ng'ambo. Kabla baba hajauza shamba, ulizeni baraza la madaktari, KMPDC, kama chuo hicho kinatambuliwa. Bila idhini ya baraza hilo, hakuna anayeruhusiwa kutibu kama daktari nchini, hata awe na cheti cha kupendeza namna gani.

Nanyi wazazi, acheni kumlinganisha mtoto na wa jirani. Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Ikizidi wiki mbili, au kijana akijitenga na kusema maisha hayana maana, msimwache peke yake. Mleteni hospitalini siku hiyo hiyo. Msiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake una tiba.

Kozi inaweza kuombwa tena mwaka ujao. Uhai hauombwi mara mbili.