Barnaba Alikwenda Kumtafuta

Somo: Matendo ya Mitume 11:19-26 na 15:36-41

Asubuhi hii nataka tumtazame Yusufu, Mlawi wa Kipro, ambaye mitume walimpa jina la Barnaba. Yeye ni mlezi wa watu. Sisemi mlezi wa watoto wadogo, bali mtu mzima anayemshika mkono mwingine mpaka akomae.

Mnakumbuka Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kumwamini Bwana. Wanafunzi walimwogopa, nao walikuwa na sababu, maana ndiye aliyekuwa akiwaburuta ndugu zao na kuwatia gerezani. Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza habari zake. Kuna wakati mtu mchanga hawezi kujitetea mwenyewe. Huhitaji mkubwa mwenye jina jema akubali kulitumia jina hilo kwa ajili yake. Na jambo hilo lina hatari yake. Kama Sauli angalikuwa mpelelezi, Barnaba ndiye angaliaibika.

Baadaye Sauli alipelekwa kwao Tarso, na kwa muda hatusikii mengi juu yake. Kazi ya Bwana ilipokua huko Antiokia, kanisa la Yerusalemu lilimtuma Barnaba. Aliwakuta watu wakiamini kwa wingi. Basi yeye, badala ya kujijengea sifa, alifunga safari kwenda Tarso kumtafuta Sauli. Hakungoja Sauli aje kuomba kazi. Alimleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Si semina ya siku mbili, ndugu zangu, mwaka mzima! Fundi seremala hamfundishi kijana kwa kumsimulia habari za randa. Humpa randa mkononi, akasimama karibu naye, na ubao ukiharibika wanatafuta kosa pamoja.

Waliposafiri, Luka humtaja Barnaba kwanza, kisha Sauli. Walipokwisha kupita Kipro, mara nyingi Paulo ndiye anayetangulia. Mwanafunzi alimpita mwalimu wake, wala hatusomi kwamba Barnaba alinung'unika. Sisi wazee wa kanisa nadhani tungeitisha kikao.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni habari za Yohana Marko. Kijana huyu aliwaacha katika Perge ya Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Sababu hatuambiwi. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka kumchukua tena, na Paulo akakataa kabisa. Walishindana vikali hata wakaachana. Paulo alimchukua Sila, wakashika njia ya Shamu na Kilikia. Barnaba alimchukua Marko, wakapanda chombo kwenda Kipro. Siwezi kusema kwamba Paulo hakuwa na sababu. Kazi ilikuwa ngumu, na mtu anayekimbia katikati huwaachia wengine mzigo wake. Hata hivyo, ni Paulo yule yule ambaye zamani kila mtu alimkataa isipokuwa Barnaba.

Nami nililelewa hivyo. Nikiwa kijana nilipewa kuhubiri kwa mara ya kwanza, na maneno yote yakanikimbia. Nilisimama kama mti, kisha nikaenda kuketi, na wengine wakacheka. Kesho yake mwinjilisti mmoja mzee alikuja nyumbani. Habari ya mahubiri hakuitaja hata kidogo. Aliniomba tu nimbebee mfuko wake siku ya Jumamosi, anakwenda kuwaona wagonjwa. Nikaubeba Jumamosi nyingi. Siku moja, kitandani pa mama mmoja mgonjwa, akanigeukia akasema, "Mwanangu, leo utaomba wewe." Niliomba maneno machache yaliyokatika-katika, na mama yule akaitika Amina kwa nguvu zake zote. Tangu siku hiyo sikuogopa tena kusimama mbele ya watu.

Miaka mingi baadaye, akiwa kifungoni, Paulo alimwandikia Timotheo amlete Marko pamoja naye, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Someni katika 2 Timotheo 4:11. Maneno mangapi yalisemwa, na machozi mangapi yalimwagika kule Kipro kabla ya hapo, hatujui.

Ndugu msikilizaji, mwaka jana kijana mmoja wa kwaya yetu aliacha safari ya injili siku ya pili, akapanda basi akarudi nyumbani. Kikao kilipofanyika, mimi ndiye niliyesema asichukuliwe tena. Wote wakakubali, nasi tukaendelea na mambo mengine. Tangu hapo sijamwona kanisani. Nilipokuwa nikitayarisha maneno haya nilifika pale penye Paulo kukataa, nikaweka kalamu chini.

Kwao si mbali, ni ng'ambo ya mto tu. Jumamosi hii nakwenda kuwaona wagonjwa upande ule, nami nina mfuko unaohitaji mtu wa kuubeba. Niombeeni nimkute nyumbani. Kwaherini.