Beringi za Magurudumu: Pesa Inakokwenda

Beringi ya gurudumu ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake safu mbili za gololi zilizolowa grisi. Katika magari mengi madogo pete ya nje hukaa tuli kwenye chuma kizito kinachobeba gurudumu. Ya ndani huzunguka pamoja na habu, diski ya breki na tairi. Sili za pande zote mbili huzuia grisi isitoke na maji yasiingie. Kitu chenyewe kinaenea kiganjani. Bei yake dukani haielezi sana gharama ya kuibadilisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya fundi ni kuing'oa ile ya zamani.

Gari moja linaweza kuwa na bei mbili za kazi hiyo. Kwenye Toyota Vitz au Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambazo bado zimejaa barabarani Dar es Salaam na Nairobi, beringi ya nyuma huja ikiwa kipande kimoja na habu na hufungwa kwa boliti nne. Tairi na breki zikishatolewa, boliti zinafunguliwa, kipande kizima kinatoka, kipya kinaingia. Kama kutu haijazishika boliti, saa moja inatosha. Spea ni ghali kidogo, ufundi ni rahisi.

Mbele mambo ni mengine. Beringi imeshindiliwa kwa presi ndani ya tundu lililochongwa kwa kipimo cha kuibana. Inabidi ifunguliwe nati kubwa ya ekseli, kalipa, diski, tairodi, boljointi na boliti za shokapu, kisha chuma chote kipelekwe kwenye presi. Gereji nyingi za chini ya mwembe hazina mashine hiyo. Kijana hupanda bodaboda na chuma mapajani kwenda kwenye karakana yenye presi, na nauli ya kwenda na kurudi huingia kwenye bili ya mwenye gari.

Fundi anayetaka kuikwepa safari hiyo huchukua nyundo, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Beringi inapoingizwa kwenye tundu, nguvu inapaswa kuegemea pete ya nje peke yake. Habu inapoingizwa kwenye beringi, pete ya ndani ndiyo iegemezwe. Ukigonga pete isiyohusika, pigo hupita kwenye gololi kwenda pete ya pili, na kila gololi huacha kishimo kidogo kwenye njia yake. Kwa jicho beringi hiyo ni mpya na inang'aa. Baada ya majuma machache huanza kuvuma, na lawama humwendea muuza spea.

Habu nayo ina vituko vyake. Ikisukumwa itoke, mara nyingi hung'oka na nusu ya pete ya ndani ikiwa imeing'ang'ania. Pete hiyo hukatwa kwa grenda na kupasuliwa kwa patasi. Jiwe la grenda likiteleza na kuichana shingo ya habu, beringi mpya haitakaa sawasawa, na habu nyingine lazima inunuliwe.

Kabla ya yote hayo kuna gharama ya kukosea ugonjwa. Beringi iliyochoka hutoa mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na unafanana sana na sauti ya tairi lililolika vibaya. Gari likipinda kushoto, uzito hulalia upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo, inayoshukiwa ni beringi ya kulia. Kubadilishana tairi za mbele na nyuma hakuna gharama ila jasho, na sauti ikihama nazo, beringi haina kosa. Gurudumu linalocheza likiwa juu ya jeki halithibitishi kitu peke yake, maana boljointi iliyolegea nayo huchezesha. Mtu akanyage breki wakati mwingine analitikisa: mchezo ukipotea, beringi ndiyo mbovu; ukibaki, shida iko kwenye boljointi au viungo vingine. Mlio wa kakaka wakati usukani umekatwa hadi mwisho ni wa jointi ya ekseli, na kuutibu kwa beringi ni hasara tupu.

Dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, beringi huulizwa kwa modeli ya gari, ila namba iliyochorwa kwenye pete ndiyo ya kuaminika. DAC40740042, kwa mfano, ina tundu la milimita 40, upana wa nje wa milimita 74 na unene wa milimita 42. Majina ya Koyo, NSK, NTN na SKF huigwa hadi kwenye boksi. Chukua hesabu ya mfano tu: beringi halisi iwe shilingi 70,000, ya kuiga 30,000, na ufundi pamoja na presi 60,000. Aliyenunua ya kuiga amelipa 90,000 badala ya 130,000. Ikimfia kabla ya mwaka akanunua nyingine kama hiyo, ufundi unalipwa upya, na jumla inakuwa 180,000. Ya mtumba haifai kabisa: kuing'oa kwenye tundu lake kwa kawaida tayari kumeiumiza.

Kwenye magari yenye ABS, beringi nyingi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, unaosomwa na sensa. Upande huo ukigeuzwa vibaya, taa ya ABS huwaka na kazi yote hurudiwa. Mafundi makini huujua kwa kuusogezea pini. Nati ya ekseli nayo ina kipimo chake, Nm 216 kwenye Toyota nyingi ndogo, na kuikaza kwa kukisia hufupisha maisha ya beringi. Boliti za shokapu zikiwa zimefunguliwa, alaimenti ipimwe, la sivyo tairi za mbele zitalika upande.

Kubadilisha beringi za pande zote mbili kwa mkupuo, kama inavyoshauriwa kwa shokapu, hakuna sababu ya kiufundi. Moja hufa kwa kuingiwa na maji au kudundwa na shimo, na mwenzake aweza kudumu miaka. Gari linalopita Jangwani, Dar es Salaam, mafuriko yakiwa yamefika katikati ya magurudumu hupoza habu za moto ghafla. Hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Likiletwa gereji linavuma tu, hulipiwa beringi. Likiletwa gurudumu limeshaanza kucheza, orodha huongezeka habu, na mara nyingine sensa ya ABS iliyokwanguliwa.