Ukija Dar na mzigo, lala upande wa mto uliko soko lako

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, napigiwa simu na wakulima wenye swali ambalo halimo katika vitabu vya uchumi wa kilimo nilivyosoma: nikifika Dar es Salaam na mzigo, nilale wapi? Anayeuliza huwa ameshajua kodi ya lori, ameshahesabu tenga au gunia zake na ameshazungumza na dalali. Kitanda ndicho anachokikumbuka mwisho, na mara nyingi hukichagua saa 5 usiku, akiwa amechoka, kwa kufuata kibao cha kwanza kinachowaka taa.

Wengi huona gesti kama jambo la starehe, la mtu na mfuko wake. Ndugu msomaji, kwa mtu aliyekuja kuuza, kitanda ni gharama ya kufikisha mazao sokoni sawa na ushuru na malipo ya makuli, na kinaweza kukupa au kukunyima bei ya siku hiyo.

Katika miji mingi ya Ulaya, chumba kinachotafutwa na wageni ni kile kilicho katikati ya mji na kinachotazama mto. London hoteli za bei zimejipanga kando ya mto Thames, na Paris kando ya Seine. Mgeni hulipa zaidi ili akifungua dirisha aone maji. Hapa kwetu anayetaka mandhari ya maji huenda baharini, na bonde la mto ndilo lenye kodi nafuu. Unafuu huo una sababu yake.

Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Salenda. Njiani unapokea vijito vingine, ukiwemo mto Ng'ombe unaoshuka kupitia Tandale na Magomeni. Kiangazi unaweza kuuvuka bila kuutazama. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, au vuli ya Oktoba hadi Desemba ikiwa kali, maji yote ya mabati na lami ya maeneo hayo hukutana bondeni kwa saa chache. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu jijini, na baadhi ya kaya za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2014 yalirudi tena. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani nayo imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja tangu mabasi hayo yalipoanza mwaka 2016.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa miaka mingi, ukitembea Kigogo au Mchikichini uliona mwenyewe namna mita hizo zilivyokuwa zimejaa nyumba. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao ndani yake mna daraja jipya la Jangwani lililo juu zaidi na kuhamishwa kwa karakana ile. Ni mradi mkubwa, lakini mkulima anayekuja na nyanya msimu huu hawezi kupanga safari yake kwa kuutegemea.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Aprili 2014, nikiwa bado mwanafunzi, nilikuja Dar kufuatilia bei za vitunguu katika masoko matatu. Nikapata chumba bondeni, upande wa Magomeni, kwa bei ambayo hata leo naona aibu kuitaja. Mvua ilianza jioni. Saa 9 usiku mlinzi alipita akigonga milango, na nilipoteremsha miguu nikakanyaga maji. Daftari zangu za wiki mbili zilikuwa chini, kwenye mfuko wa rambo, na mfuko ulikuwa umetoboka. Jirani yangu wa chumba cha pili, mzee aliyeleta maharage Tandale, alikuwa ameegemeza magunia matatu ya sampuli ukutani. Asubuhi aliyafungua yakiwa yamevimba. Nilimwambia "pole mzee", akanijibu kwamba pole niipeleke kwa mkewe, kwa sababu yeye ndiye aliyechambua maharage hayo punje kwa punje.

Asubuhi hiyohiyo nilijifunza la pili, ambalo kwa biashara lina uzito kuliko kulowana. Nilitakiwa kuwa Ilala alfajiri, nami nilikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Msimbazi unaigawa Dar es Salaam vipande viwili. Upande wa kusini na mashariki wake kuna Kariakoo, Ilala, Buguruni na Temeke yote hadi Mbagala. Upande wa kaskazini na magharibi kuna Magomeni, Manzese, Mabibo, Tandale, Sinza na barabara nzima ya Morogoro hadi Mbezi. Sehemu kubwa za kuvukia ni chache, zikiwemo Salenda, Jangwani, barabara ya Kawawa na barabara ya Mandela upande wa Tabata. Maji yakipita juu ya barabara pale Jangwani, njia hufungwa na magari yote hukimbilia zilizobaki. Foleni yake nadhani hata wasiofika Dar wameisikia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, jiulize soko lako liko upande gani wa mto. Mwenye mahindi, mchele au maharage anayeuzia Tandale au Manzese, na mwenye ndizi anayeshusha Mabibo, hana sababu ya kulala Kariakoo. Akishuka kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021, barabara inamfikisha sokoni bila kuvuka Msimbazi. Gesti za Manzese na maeneo ya Ubungo zinamtosha. Lakini mwenye nyanya za Ilula au machungwa ya Muheza anayeshusha Temeke Stereo au Ilala anapaswa kuvuka mto usiku huohuo pamoja na lori lake, alale ng'ambo. Na anayeleta mihogo au nanasi kutoka Mkuranga kwa barabara ya Kilwa anaingilia Mbagala, yuko upande wa Temeke tayari, hana haja ya kufika mjini. Ila hata Temeke kuna mabonde yake, kwa mfano lile la mto Kizinga pale Mtoni. Usidhani ukiukwepa Msimbazi basi umeyakwepa maji yote.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu kulala stendi. Amefika Mbezi usiku, lori lake limetangulia Temeke, yeye anaona chumba cha karibu na kituo ni nafuu. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme chumba cha Mbezi ni Sh 15,000 na cha jirani na soko la Temeke ni Sh 25,000. Anaona ameokoa Sh 10,000. Saa 10 alfajiri hakuna daladala za kutegemea, anachukua bodaboda kwa, tuseme, Sh 15,000. Tayari ametumia Sh 30,000, yaani Sh 5,000 zaidi ya yule aliyelala Temeke na kwenda sokoni kwa miguu.

Hasara hiyo ni ndogo. Kubwa iko sokoni kwenyewe. Malori hushusha usiku, na bei ya jumla hupangwa alfajiri, wakati wenye genge na wauza sokoni wa mitaani wanapokuja kuchukua mzigo wa siku. Kadiri jua linavyopanda ndivyo wanunuzi wanavyopungua na nyanya zinavyolegea. Tuseme una tenga 40, na kati ya alfajiri na saa 3 bei inashuka kwa Sh 3,000 kwa tenga. Hiyo ni Sh 120,000. Kama hukuwepo, dalali atakuambia ameuza saa 3, nawe huna ushahidi kwamba aliuza saa 11. Sisemi madalali wote ni wezi. Wapo wanaowauzia wakulima miaka 20 bila ugomvi. Ninachosema ni kwamba desturi ya cha juu, ambapo dalali hubaki na kilichozidi bei mliyokubaliana, hunawiri pale mwenye mzigo anapokuwa amelala mbali.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha nani hapaswi kuja kabisa. Chumba cha Sh 25,000 kwa mwenye tenga 40 ni Sh 625 kwa tenga. Kwa mwenye tenga tano ni Sh 5,000 kwa tenga, na faida imekwisha kabla hajanywa chai. Wenye mizigo midogo wakiwa wanane katika lori moja, mmoja aje kwa zamu na daftari la wote, wamlipie kitanda na chakula. Vikundi vinavyofanya hivi huchagua mtu anayejua kusimama sokoni, si yule asiyepata kuiona Dar.

Ukishapata mtaa, chumba chenyewe si kazi kubwa. Nenda mchana ikiwezekana. Tazama ukuta kwa nje: mstari wa tope uliokauka juu ya msingi unakuambia maji yalifika wapi masika iliyopita, hata kama mhudumu wa mapokezi anakataa. Kaguа komeo na nondo za dirisha. Fungua bomba, na kama ni kavu uliza kama kuna simtanki au ni ndoo. Chandarua kisiwe na matundu. Chumba cha self ni kizuri kwa mtu atakayetoka saa 10 usiku, lakini cha choo cha nje kilicho kimya ni bora kuliko cha self kilicho juu ya baa. Gesti inayokodisha vyumba kwa saa utaitambua kwa milango inayofunguliwa na kufungwa hadi usiku wa manane. Hutapata usingizi hapo, na watu wanaopita koridoni hakuna anayewajua.

Hilo linatuleta kwenye fedha. Kwa miaka mingi mkulima aliyeuza alilala na mauzo yake chini ya mto wa kichwa, na wako walioamka hawana kitu. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008 sababu ya kufanya hivyo imepungua. Weka mauzo kwenye simu au benki kabla ya kurudi chumbani, ukiwa palepale sokoni ambako mawakala wamejaa. Makato yatakuuma, lakini yalinganishe na hasara ya kupoteza yote. Ukisaini kitabu cha wageni andika jina lako halisi na unakotoka. Wapo wanaoandika la uongo kwa mazoea, kisha wakiibiwa hawana namna ya kuthibitisha kwamba walilala pale.

Omba pia risiti ya mashine. Mfanyabiashara mdogo mwenye namba ya mlipakodi anayeandaa hesabu zake anaweza kuonyesha malazi ya safari ya kuuza kama gharama ya biashara, na bila karatasi hana cha kuonyesha.

Kwa watu wa Morogoro kuna chaguo jingine, la kutolala kabisa. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, kwa nauli iliyoanzia Sh 13,000, na safari haifiki saa mbili na nusu. Si ya kubebea tenga. Lakini mwenye duka anayekuja Kariakoo kuchagua bidhaa, kulipia na kuagiza zisafirishwe kwa gari, anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni, na kituo chenyewe kiko upande uleule wa mto na Kariakoo. Kwake gesti yenye bei nzuri kuliko zote ni kitanda chake cha nyumbani.

Kuna siku ambazo ushauri huu wote hubadilika. Maonyesho ya Sabasaba hufanyika katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, kuanzia Juni 28 hadi Julai 13. Siku hizo vyumba vya Temeke, Kurasini na Mtoni hujaa waonyeshaji na bei hupandishwa bila aibu. Kama mzigo wako unashuka Temeke kipindi hicho, piga simu kwenye gesti unayoijua wiki mbili kabla na utume nusu ya malipo. Ukikosa, tafuta Buguruni au Ilala, usikubali kuvutwa hadi ng'ambo ya mto.

Na kabla ya kulipa, uliza saa ya kutoka. Gesti nyingi hutaka chumba saa 4 asubuhi, wakati wewe bado uko sokoni unadai fedha zako. Ongea na mhudumu usiku uleule unapoingia, akuwekee begi mapokezi hadi mchana. Ukimwambia asubuhi, akiwa na mgeni mwingine mlangoni, utalipishwa siku ya pili.