Mwenye Busara Hupanga Hivi

Katika miaka ya 1960 wataalamu wa saikolojia kutoka Marekani walikwenda Liberia, kwa Wakpelle walimao mpunga, wakaweka mbele ya wenyeji vitu 20 vya matumizi ya kila siku, vikiwamo vyakula, nguo, zana na vyombo, wakawaomba wavipange kila kitu pamoja na kinachohusiana nacho. Wageni walitazamia kuona vyakula upande mmoja na zana upande wa pili, maana hivyo ndivyo mwanafunzi wa kwao alivyofunzwa, na elimu yao iliuhesabu mpango huo kuwa dalili ya akili iliyopevuka. Lakini Wakpelle waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho kikatacho chungwa, na jembe pamoja na kiazi, kwa kuwa pasipo jembe kiazi hakitoki ardhini. Mwenye busara, walisema, hupanga hivi. Joseph Glick, mmoja wa wataalamu wale, amesimulia kwamba hatimaye wenyeji waliulizwa mpumbavu angepangaje, na papo hapo vyakula vikawekwa kwa vyakula na zana kwa zana, sawasawa kama wageni walivyotamani tangu mwanzo. Nani alikuwa akimtahini mwenziwe siku ile, ni shida kusema.

Kabla ya hapo, mwaka 1931 na 1932, mwanasaikolojia Alexander Luria alikuwa amefika Uzbekistan kutoka Moscow, akawaambia wakulima wasiojua kusoma kwamba katika kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, na kwamba visiwa vya Novaya Zemlya viko huko. Basi dubu wa huko wana rangi gani? Wale waliokwisha kupita darasani, hata kwa muda mfupi, walijibu mara moja. Wengine walikataa: hawajafika huko, hawajamwona mnyama huyo, na aulizwe aliyemwona. Mimi sioni upungufu wa mantiki katika jibu hilo, bali naona adabu ya shahidi mbele ya kadhi, asiyethubutu kunena ila alichokishuhudia kwa macho yake. Na shule, pamoja na fadhila zake zote, humzoeza mtu kuisadiki kauli ya muulizaji kwa muda wa swali lenyewe, desturi ambayo aliyeizoea huidhani kuwa ndiyo akili.

Hoja hii ilidhihirika zaidi mikononi mwa watoto. Robert Serpell, ambaye utafiti wake ulitangazwa mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza vielelezo vya kuiga, safari hii kwa kalamu na karatasi, safari nyingine kwa waya, safari nyingine tena kwa udongo. Kwa kalamu Waingereza walishinda, nao ni watoto waliokua na karatasi. Kwa waya walishinda Wazambia, kwani mtoto wa huko, kama wenziwe wengi wa Afrika Mashariki, huokota vipande vya waya akavikunja, akavifunga, hata likatoka gari lenye magurudumu na usukani mrefu wa kulisukumia njiani. Kwa udongo, ambao watoto wa pande zote mbili huuchezea, walikuwa sawa. Lau mtahini angalichukua karatasi peke yake, angalirudi na habari kwamba mtoto wa Zambia ni mzito wa kutambua maumbo. Lau angalichukua waya peke yake, aibu hiyo ingaliwaangukia watoto wa Kiingereza.