"Sisi Tumezoea": Afya ya Vijana Wanaojenga Matatu

Ni nani anayeishi Nairobi ambaye hajageuza shingo kutazama matatu mpya ikipita? Rangi zinang'aa, ubavuni zimechorwa nyuso za wanamuziki na wanasoka, taa za buluu zinawaka mlangoni, na muziki unasikika kabla gari lenyewe halijaonekana. Kuna vijana ambao huacha gari lenye nafasi wakasubiri hilo. Michoro hii ilipigwa vita tangu sheria kali za matatu zilipoanza mwaka 2004, lakini mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliitetea kuwa ni kazi ya vijana, nayo ikarudi barabarani kwa wingi.

Ni wachache wanaojiuliza gari hilo limetoka wapi. Halikushuka melini likiwa hivyo. Mara nyingi lilianza likiwa chesisi ya lori dogo, yenye injini, magurudumu na kichwa tu. Mengine yote, yaani mbavu za chuma, kuta za mabati, paa, milango na viti, yamejengwa hapa hapa na mikono ya watoto wetu.

Mafundi hao hufika hospitalini kwetu wakiwa na macho mekundu, vikohozi visivyopona na homa zisizoeleweka. Kwa hiyo sisi wauguzi watatu tuliamua kwenda kuona kazi yao kwa macho yetu, katika karakana moja ya upande wa mashariki mwa jiji.

KAZI YA KUSTAAJABISHA

Mwenye karakana, mzee aliyeshika kazi hii kwa zaidi ya miaka 30, alitupokea kwa chai akatutembeza. Kulikuwa na magari manne. La kwanza lilikuwa mbavu tupu, na vijana wawili walikuwa juu yake wakichomelea vyuma vya paa. La pili lilikwisha kuvikwa mabati, likipakwa puti na kupigwa msasa hadi ukipitisha kiganja huhisi kiungo. La tatu lilikuwa nyuma ya turubai, likipulizwa rangi. La nne lilikuwa likifungwa viti na spika.

Tulistaajabu. Hatukuona ramani yoyote ya karatasi. Vipimo vilikuwa kichwani mwa fundi na kwenye chaki sakafuni. Kijana mmoja alikunja bati kwa nyundo juu ya kipande cha reli hadi likawa mviringo safi kama limetoka kiwandani.

Lakini tuliona pia kwamba kijana aliyeshikilia chuma cha kuchomelewa alikuwa amefumba macho na kugeuza uso pembeni. Mpiga rangi alikuwa amejifunga leso puani. Mama muuza chai alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye cheche, mtoto mgongoni.

Tulipouliza miwani na barakoa ziko wapi, mzee alitabasamu: "Sista, sisi tumezoea." Kijana mmoja akaongeza kuwa ngao ya uso ipo, ila humchelewesha.

Mpenzi msomaji, neno hilo "tumezoea" ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Bati likimkata mtu kidole, damu hutoka na kila mmoja hukimbia kumsaidia. Lakini mwanga, moshi, mvuke wa rangi na vumbi havitoi damu. Mtu hudhani mwili umezoea, kumbe unaharibika polepole.

MWANGA UNAOUMA USIKU

Kuchomelea kwa umeme hutoa miale isiyoonekana, ya aina ile ile inayobabua ngozi juani. Miale hiyo huchoma utando wa juu wa jicho. Haiumi papo hapo. Baada ya saa 6 hadi 12, wakati kijana amekwisha kulala, huamka akihisi kama amemwagiwa mchanga machoni. Machozi hutiririka na hawezi kutazama hata taa.

Kufumba macho hakutoshi, wala miwani ya jua haitoshi. Anayechomelea kwa umeme anahitaji ngao yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi, kulingana na nguvu ya umeme. Msaidizi wake anahitaji ngao pia, na wapita njia wakingwe kwa pazia la turubai zito.

Ukipatwa na hali hiyo, kaa mahali penye giza, weka kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope, meza dawa ya maumivu, uende hospitali. Usitie machoni maziwa, majani ya chai wala viazi vibichi. Usinunue dawa ya ganzi ya macho ukawa unajitonesha mwenyewe, kwa maana huzuia jicho kupona na inaweza kukupofusha. Kwa kawaida jicho hupona kwa siku moja au mbili. Lisipopona, huenda kuna kipande cha chuma ndani.

Na kipande cha chuma kikirukia jichoni kutoka kwenye grinda au nyundo, usifikiche. Usikubali mwenzako akichokoe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya leso. Funika jicho bila kulibana, ukimbie kwa daktari.

HOMA YA JUMATATU

Alikuja kwetu kijana wa miaka 19, fundi wa mabati. Alisema malaria inamwandama. Karibu kila Jumatatu jioni alitetemeka kwa baridi, akapata homa, viungo vikamuuma na kinywa kikawa na ladha ya chuma. Alinunua dawa za malaria dukani, na kufikia Jumatano alikuwa mzima. Basi aliamini dawa zimemponya. Tulipopima damu yake, hatukukuta malaria.

Mabati mengi hupakwa zinki ili yasipate kutu. Ukiyachomelea, zinki huwaka na kutoa moshi mweupe. Saa chache baada ya kuuvuta, homa huanza, kisha huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, umeze dawa au usimeze.

Kwa nini Jumatatu? Mtu akivuta moshi huo kila siku, mwili huustahimili kwa muda, na homa haiji. Akipumzika Jumapili, ustahimilivu ule hupotea. Akirudi kazini Jumatatu, homa humpiga upya. Huko ndiko kuzoea wanakokusema mafundi. Mwili umenyamaza siku tano, lakini moshi unaendelea kuingia kifuani.

Kuna hatari mbili hapa. Ya kwanza ni kumeza dawa za malaria mara kwa mara bila kuwa na malaria. Ya pili ni mbaya zaidi: fundi aliyetoka kusalimia nyumbani Kisumu au Busia apatwe na malaria ya kweli, aseme "ni moshi wa mabati tu", alale nayo hadi imlemee. Kwa hiyo kila homa ipimwe. Na ukifika kwa daktari, mwambie kazi yako kabla hajakuuliza. Homa ikipita siku mbili, au ukikosa pumzi, au kifua kikikubana, usingoje.

Mafundi wengi walituambia kuwa hunywa maziwa kusafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, endeleeni kuyanywa. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi umekwenda kwenye mapafu. Kinga yake ni kukwangua zinki pale unapochomelea, ukiwa na barakoa ya vumbi, kufanya kazi mahali pa wazi, na kukaa ili upepo upeleke moshi mbali na uso wako. Na isiwe kwa ajili ya homa tu. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walifikia uamuzi kwamba moshi wa kuchomelea, hata wa chuma cha kawaida, husababisha saratani kwa binadamu.

RANGI INAYONG'AA

Rangi ngumu ya magari, ile inayochanganywa na hadna, ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ikipulizwa kwa kompresa, ukungu wake huingia ndani kabisa ya mapafu, na leso haiuzuii. Kemikali hizi zinaweza kuanzisha pumu kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Dalili ni kikohozi cha usiku, kifua kubana na kupiga miluzi. Mpiga rangi hupata nafuu akienda likizo, kisha huugua tena akirudi. Kifua kikishaikataa rangi hiyo, hata kiasi kidogo kinaweza kumletea shambulio la kumuua. Huyo abadilishiwe kazi, si dawa peke yake.

Kinga bora ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba cha rangi. Karakana nyingi hazina. Basi angalau rangi ipulizwe wakati wengine wameondoka, upepo upite, na mpiga rangi avae barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke vinavyobadilishwa kwa wakati. Lakini asidhani kuwa barakoa hiyo ni sawa na hewa safi.

Wala usinawe mikono kwa petroli au thina. Hupasua ngozi na kupenya ndani ya mwili. Usinyonye petroli kwa mdomo kwenye mpira. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu ikiingia mapafuni ni hatari kuliko ikiwa tumboni. Apelekwe hospitali mara moja.

VUMBI LINALOFIKA NYUMBANI

Kazi hii ya kulivua gari umbo lake na kulipa jingine ina ndugu zake ng'ambo. Huko California, Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana walikata paa za Ford na Mercury za zamani wakazishusha, wakaziba maungio hadi gari likawa laini kama jiwe la mtoni. George Barris na ndugu yake Sam walipata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Siku zile puti ya leo haikuwapo. Maungio yalizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha ikapigwa tupa. Vumbi lililoanguka lilikuwa sumu.

Puti ya siku hizi si risasi, lakini risasi haijaondoka karakana. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Hata hivyo, risasi ingalimo ndani ya betri, na inaweza kuwamo katika rangi kuukuu, hasa za manjano na nyekundu. Fundi anayekwangua gari kuukuu ili alijenge upya hujaza vumbi hilo nywele na ovaroli.

Jioni hurudi nyumbani. Mtoto humrukia. Mama huloweka ovaroli beseni moja na nguo za mtoto. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Hupunguza damu, huchelewesha kukua, huharibu ubongo na kumfanya awe mzito darasani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Fundi ambaye angekubali kuumia ili mwanawe asome, je, amzibie mtoto huyo akili kwa vumbi la nguo zake?

TUFANYE NINI?

1. Fundi: vaa ngao ukichomelea, miwani ya kinga ukishika grinda au nyundo, na viziba masikio. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye karibu akusikie, kelele hiyo inakuharibu masikio.

2. Piga msasa wa maji badala ya msasa mkavu. Vumbi lililolowa haliruki. Usilipulize kwa kompresa.

3. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya chai. Acha ovaroli kazini, au ifuliwe peke yake.

4. Mwenye karakana: sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inakudai uwape wafanyakazi vifaa vya kinga. Fundi aliyepofuka hawezi kukujengea gari.

5. Mzazi: unapompeleka kijana kujifunza kazi, usiulize ada tu. Uliza pia, "Atavaa nini machoni?"

6. Mwenye kuagiza matatu: unalipia spika na taa za rangi. Unapopatana bei, hesabu pia ngao na barakoa za wanaokujengea.

Mzee mwenye karakana alitusikiliza hadi mwisho. Alituuliza bei ya ngao tatu, akaiandika kwa chaki kwenye bati. Tulimwahidi kurudi baada ya mwezi mmoja kupima macho na vifua vya vijana wote, na tutarudi.

Nawe fundi unayesoma hapa, ukiwa na kikohozi kilichopita wiki mbili, usiseme ni vumbi la kazi. Njoo upimwe, pamoja na kifua kikuu, ambacho kinatibika. Njoo hata ukiwa na ovaroli yako, ili tujue tangu mlangoni unafanya kazi gani.