Ngozi ya sato yatibu majeraha ya moto, lakini si ya jikoni kwako

Busega. Sato, samaki anayeliwa karibu kila nyumba Nyashimo na vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, ana kazi nyingine nchini Brazil. Katika jiji la Fortaleza, madaktari hutumia ngozi yake kufunika majeraha ya moto.

Ngozi hiyo husafishwa kwa dawa na kupigwa mionzi ili kuua vijidudu. Ikilazwa juu ya jeraha hushika na kukaa siku kadhaa, hivyo mgonjwa huepuka maumivu ya kubadilishiwa bandeji kila mara.

Kwa nini jeraha lifunikwe? Ngozi ikiungua, maji na joto la mwili hupotea na vijidudu hupata njia ya kuingia. Mtoto huathirika haraka zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo na ngozi yake nyembamba.

Ipo pia ngozi ya bandia. Mwaka 1981, daktari John Burke na Profesa Ioannis Yannas wa Marekani walitangaza waliyoitengeneza kwa kolajeni ya ng’ombe na gegedu ya papa, juu ikiwa na utando wa silikoni. Seli za mgonjwa huingia humo na kujenga ngozi mpya ya chini. Baada ya wiki mbili hadi tatu, silikoni huondolewa na mgonjwa hupandikizwa ngozi yake nyembamba. Tiba hii ni ghali na huhitaji wataalamu wa upasuaji.

Hata hivyo, hakuna ngozi ya kuazima inayoweza kufanya kazi ya dakika 20 za mwanzo nyumbani. Mtoto akimwagikiwa uji au chai:

• Mvue nguo na bangili, isipokuwa kilichogandia kwenye jeraha.

• Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usitumie barafu. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi.

• Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Ngozi mbichi ya samaki nayo huingiza vijidudu.

• Funika kwa kitambaa safi, kisha mwahishe kituo cha afya.

Usisubiri kesho ikiwa jeraha linazidi kiganja cha mtoto, au lipo usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri. Watakaohitaji upasuaji mkubwa hupewa rufaa, ikiwamo kwenda Bugando, Mwanza.