Gari la Chama Linapochemsha: Chunguzeni Kabla ya Kufungua Injini



Vipo vyama vinavyotegemea magari ya zamani, kama vile Land Rover Series III, zilizoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Gari la namna hiyo likianza kuchemsha katikati ya msimu, mazao hulala ghalani, na kamati kwa haraka yake huweza kukubali injini ifunguliwe. Gharama hiyo ni fedha za wanachama. Kwa hiyo yafaa katibu ajue la kuuliza kabla ya kutia sahihi vocha.

Kwanza ni usalama. Gari lisimamishwe na injini izimwe. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe mpaka injini ipoe, kwani maji yenye mgandamizo huruka ghafla na kuunguza. Wala maji baridi yasimiminwe katika injini yenye moto mkali. Chuma huweza kupasuka.

Pili, dereva aulizwe: joto hupanda wakati gani?

(a) Likichemsha linapokwenda polepole au limesimama, lakini likapoa barabarani, kasoro huwa upande wa hewa. Injini ikiwa imezimwa, bonyezeni mkanda wa feni katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea zaidi sana ya sentimeta 1, ukazwe. Mkanda huo ndio uzungushao pia pampu ya maji na mtambo wa chaji. Basi taa ya chaji ikiwaka joto linapopanda, shaka ya kwanza iwe mkanda. Kisha tazameni uso wa rejeta: nyuzi za pamba, matope na mbegu za nyasi huzuia upepo. Vioshwe kwa maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

(b) Likichemsha mlimani au likiwa na mzigo mzito, huenda rejeta imeziba ndani kwa kutu na chokaa ya maji.

(c) Likichemsha mapema baada ya kuwashwa, huku mpira wa juu wa rejeta ungali baridi, huenda thamostati haifunguki. Itolewe na kuchemshwa katika sufuria ya maji. Isipofunguka, inunuliwe nyingine. Kuiondoa kabisa si tiba: injini hubaki baridi mno, hula petroli na kuchakaa upesi.

(d) Maji yakipungua, kagueni mipira, pampu na kifuniko cha rejeta. Lakini yakipungua pasipo kuvuja nje, mapovu yakionekana ndani ya rejeta injini ikinguruma, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, ndipo gasketi ya hedi ishukiwe. Hapo fundi ana sababu ya kufungua, na gari lisiendeshwe tena kabla ya matengenezo.

Mwisho, dereva aandike katika daftari la safari kila maji yanapoongezwa, tarehe na kiasi chake. Fundi naye aandike kasoro aliyoiona, na vipuri vilivyotolewa virudishwe chamani. Kumbukumbu hizo humwezesha katibu kuwajibu wanachama katika mkutano mkuu, na mkaguzi kuthibitisha kwamba fedha zilitumika kwa haki. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa chama hujengwa kwa jasho la mkulima.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika